Kikapu cha Mama na Duka la Bei Chee

Ghorofa ya Nne,
Muharram Bey,
Iskandaria.
22 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Ibtihal,

Salamu nyingi kutoka nyumba uliyoiacha, na harufu yake ile ile ya vitunguu. U hali gani? Shemeji na watoto hawajambo? Baridi ya Montreal imewaachia pua, au bado mnazitafuta? Sisi huku wazima. Mama hajambo isipokuwa magoti. Mimi sijambo isipokuwa tumbo, ambalo wifi yako Safinaz anasema linavuka barabara kabla yangu.

Vitu vimepanda bei, hilo unalisikia hata huko. Pesa unazotuma zinafika, Mungu akuzidishie, na tunaweka akiba kwa ajili ya matibabu ya magoti ya Mama. Ndiyo maana mwaka jana Safinaz aliniamuru nianze kwenda duka la bei chee, lililofunguliwa pale palipokuwa na sinema. Pale ulipokuwa ukiwalilia mabwana harusi wa filamu, sasa wamepanga sabuni. Mchele unauchukua mwenyewe kwenye boksi, na hakuna anayekuuliza habari za mama yako. Lakini bei zake zinamfanya mtu atabasamu peke yake kama mwehu.

Tatizo lilikuwa Ammi Wadii. Duka lake bado liko chini ya roshani yetu. Unakumbuka Mama akishusha kikapu kwa kamba, sisi tukigombania nani aishike? Na ile siku uliyomtia paka ndani? Ammi Wadii alimrudisha juu na kipande cha jibini mdomoni, akasema huyu hauzwi hapa. Basi Mama bado hushusha kikapu kila asubuhi. Kwa magoti yale, hicho ndicho miguu yake: kinashuka na salamu, kinapanda na majani ya chai na habari za mtaa mzima.

Sasa utapitaje mbele ya mzee huyo na mfuko wa manjano wa duka jingine? Mtaa wote unaona haya. Wengine huuficha chini ya nguo za dobi. Mimi niliutia ndani ya koti, nikapita nimevimba, na Ammi Wadii akaniuliza kwa upole kama nimeongezeka tena. Nikamsingizia Safinaz na mapishi yake.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya kulipia, nimekumbatia samli ya Ramadhani, nikaona mbele yangu mzee aliyejifunika skafu hadi puani. Nikamjua kwa kofia. Alikuwa Ammi Wadii, mikononi ana majani ya chai, sukari na nyanya za kopo, vile vile Mama anavyoagiza. Tukainamisha macho wote wawili, kama watoto waliofumwa wakiiba asali.

Nje tukakaa kwenye ngazi. Akanieleza kwamba wauzaji wa jumla hawamletei tena mzigo, kwa kuwa anachonunua ni kidogo mno. Rafu zake zimebaki na viberiti na vumbi. Kwa hiyo huja pale mapema, ananunua, anamtilia Mama kikapuni kwa bei ile ile aliyonunulia. Nikamuuliza faida yake iko wapi.

“Shawki mwanangu,” akasema, “siku nikimwambia mama yako hakuna, kikapu kitapanda kitupu. Kikizoea kupanda kitupu, hakitashuka tena. Na mimi nitamfungulia nani duka?”

Nikauchukua mfuko wake, nikaubeba pamoja na wangu.

Tukakubaliana mimi ndiye nitakayenunua kule, vyake na vyetu, nivipitishe dukani kwake, naye ajaze kikapu. Tukaapiana Mama asijue, maana kwake lile ni duka la watu wasiofunzwa kununua.

Juzi asubuhi niko kwa Ammi Wadii, nimejibanza nyuma ya mlango na mizigo yangu, kikapu kikashuka. Ndani mlikuwa na glasi mbili za chai. Tukatazamana. Kisha ikatufuata sauti ya Mama, ile ile aliyotuitia chakula, mtaa mzima ukisikia:

“Wadii, ya pili ni ya huyo mnene nyuma ya mlango. Mwambie samli imeshuka bei tena kwenye lile duka lenu. Achukue mbili, moja yako.”

Kumbe mwaka mzima alikuwa juu pale, akinitazama nikipita nimevimba.

Tukanywa chai. Ammi Wadii akapanga vitu kikapuni, akaitikisa kamba, tukasimama tukikiangalia kinavyopanda, kizito, kikigongagonga ukuta kama zamani.

Kamba nimeweka mpya. Ukija, itamudu hata paka.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu mashavu. Safinaz anakusalimu, na Ammi Wadii anauliza lini utalipia ile jibini. Mama anakuombea kila alfajiri. Mungu akulinde huko na akurejeshe kwetu kwa heri.

Ni mimi kaka yako, mnene akupendaye,

Shawki