Hesabu ya Dawa Inayoanzia Mwaka Mmoja

Butimba,
Mwanza.
14 Januari 1962

Mpendwa Dada Teodora,

Shikamoo. Shemeji Chenge hajambo huko Bukoba? Na mwanangu Kashindye, anaendeleaje? Nisamehe, leo siulizii mvua wala kahawa. Ile karatasi ya dawa ya homa aliyokuandikia mume wangu Luhaga mlipokuja sikukuu ya Uhuru, usiitumie kwa Kashindye. Bado hajatimiza mwaka.

Jana asubuhi Kija wangu alichemka homa. Luhaga yuko chuoni kwake kwa ualimu, nikaichukua karatasi yake ya hesabu, sawa na hiyo yenu. Unakumbuka alivyojisifu: kanuni moja inakupa uzito kutokana na umri, nyingine inakupa vijiko kutokana na uzito, naye akaiingiza ya kwanza ndani ya ya pili, ikawa moja, kama wanavyofundishwa kwenye aljebra. Miaka mara tano, ongeza kumi na saba, gawa kwa sita. Kija ana miezi mitatu, yaani robo mwaka. Nikapata vijiko vitatu. Moyo ulisita, ila nikasema mimi wa darasa la nne ni nani hata nibishane na mwalimu? Nikampa.

Akalala, dada. Namwekea ziwa, halishiki. Namfinya unyayo, halii. Nilikimbia zahanati na kanga moja, hata mlango sijui kama nilifunga.

Dresa, yule mtibabu wa zahanati, alimhangaikia, kisha akampima: ratili kumi na moja. Hesabu yetu ilikuwa imempa kumi na nane. Akaisoma karatasi niliyokuwa bado nimeishika, akaniambia, "Mama, kwa hesabu hii mtoto aliyezaliwa leo ana ratili kumi na saba. Huyo ni ndama."

Sikuweza kucheka. Kumbe kanuni ya uzito ni ya watoto wa mwaka mmoja mpaka sita tu. Aliyekataliwa mlango wa kwanza hana ruhusa ya kufika wa pili. Lakini zikishaunganishwa, huoni tena mlango. Unatia umri wowote, na jibu linatoka.

Luhaga aliporudi akaketi sakafuni. Alisema tu, "Niliandika hesabu, sikuandika inaanzia wapi."

Jana jioni Kija alinyonya kidogo. Leo analia, nami namshukuru Mungu kwa kila kilio. Macho bado mazito. Naogopa, ila natumaini.

Sasa hofu yangu ni kwako. Leo Jumapili posta imefungwa, kwa hiyo barua hii naipeleka bandarini kwa Muhidin, karani wa meli, aje nayo. Kashindye akipata homa, apimwe kwanza. Kama umeshampa dawa ile, iache barua hapo hapo, mbebe uende hospitali.

Luhaga anakuamkia, aibu imemzuia kuandika mwenyewe. Msalimu shemeji na Bibi Mwanabaraka jirani yako. Mungu awafunike wewe na mwanao.

Nitumie telegramu, dada. Neno moja linatosha: mzima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyelala kwa ajili yako,

Odeta