Uso wa Baba katika Simu za Jirani

Bunia, kata ya Lumumba
11 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Emery,

Pokea salamu za nyumbani. Kikohozi cha Januari kimekwisha? Baridi ya Montréal imepungua? Siye tuko. Mama anakula vizuri, ila macho yanafifia. Daktari amesema huenda asione tena kufikia Krismasi.

Ile video ya marehemu Baba uliyoitoa kwenye kaseti ya mwaka 1998 na kututumia mtandaoni ina dakika arobaini. Mwezi mzima tulijaribu kuitazama. Rezo ya simu ilikatika kila mara Baba akiwa ametupa mgongo, anaosha baiskeli. Humo ua lilikuwa bado na maparachichi, na mlango wa jikoni ni ule ulioupasua kwa mpira. Mama hakujali mlango. Alitaka uso.

Dady, fundi wa simu wa avenue yetu, ana programu yake. Simu ikishusha kipande cha video, inakihifadhi na kukipitisha kwa simu ya karibu bila kurudi kwenye antena. Wiki nzima majirani kumi na wawili walishusha kila mmoja kipande chake alfajiri, rezo ikiwa nyepesi, watu wengi wakiwa bado wamelala. Jumapili wakaja na simu zao kukaa sebuleni kwetu.

Mzee Ambroise, mmoja wao, aliongoza sala kwanza. Kisha Dady akafungua video kwenye simu ya Mama. Dakika ya tatu ikasimama. Mgongo uleule.

Desturi yetu unaikumbuka: sala ikianza, kila mtu anazima simu.

“Mulizima zote?” Dady akauliza. “Sasa video itatoka wapi, mbinguni?”

Dada yetu Lydie akacheka: “Papa Ambroise, simu yako iko inasali mupaka saa hii?”

“Acha kelele, weye. Iko inawaka,” mzee akajibu, akitafuta kitufe.

Zilipowaka zote, Baba aligeuka. Mama aliisogeza simu hadi karibu igusane na pua.

“Rudisha.”

Tulirudisha mara kumi na moja, nilihesabu. Kisha akasema: “Tangu mwaka jana, nikimkumbuka, nilikuwa namuona na uso wa ndugu yake. Huyu ndiye.”

Vipande vyote sasa vimo ndani ya simu yake. Anaitazama video asubuhi, mwanga ukiwa mzuri.

Msalimie Divine na watoto. Lydie na shangazi Fanny wanakukumbuka. Mungu akutunze huko, akurudishe Mama akiwa bado anaona.

Dada yako anayekupenda,
Prudence