Majina Niliyoyaandika kwa Mkono Wangu

Lindi, Kibera, Nairobi
Jumamosi mchana

Mke wangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kile kikohozi cha mdogo wetu kimepungua. Mahindi mmeshapalilia? Mimi mwili uko sawa na nakula vizuri, ila moyo ndio hautulii. Barua hii sikuipeleka posta. Nimempa mama mmoja wa kanisani anayesafiri huko, ndiyo maana umeipata imeshonewa ndani ya kitambaa.

Wakili Musembi unamjua kwa sifa, maana nimekuchosha nazo tangu aniajiri kuwa karani wake. Jina lake naliandika kwa kuwa liko kwenye kibao mlangoni, kila mtu hulisoma. Miaka ishirini amesimama mahakamani kutetea watu wenye kesi nzito, na sauti yake haijawahi kupanda. Humwuliza shahidi kuhusu mvua ya siku ile, kuhusu viatu alivyovaa, na kabla ya saa sita uongo wote uko mezani. Angetaka angekuwa tajiri. Badala yake kila Jumamosi huenda Gatina, kule Kawangware, akaketi kwenye benchi la nyuma la kanisa, na watu wakapanga foleni: wajane walionyang'anywa mashamba, mafundi waliofukuzwa kazi, wapangaji. Hapokei chochote isipokuwa chai, na hiyo chai huilalamikia kuwa haina sukari.

Ana tabia moja iliyokuwa ikiniudhi. Jina la shahidi haliandiki popote mpaka asubuhi ya kesi. Kwenye faili huweka "wa kwanza", "wa pili", na majina yenyewe huyabeba kichwani. Nami unavyonijua, jambo lisiloandikwa huniwasha.

Sasa anawasimamia wapangaji wa hapa Lindi ambao nyumba zao zilichomwa mchana, wenyewe wakiwa kazini. Bwana mkubwa mmoja anakitaka hiki kiwanja. Watu wanne waliwaona waliomwaga mafuta ya taa, wakakubali kusema mahakamani: seremala, fundi wa kuchomelea vyuma, mzee mmoja bawabu, na mama anayeuza mitumba Soko la Toi.

Hao wanne wakataka kumfanyia Wakili karamu ya shukrani uani mwa kanisa, chapati na mbuzi mmoja. Unajua siku hizi mkutano wa watu hauwezi kufanyika bila kibali cha serikali. Wakanituma mimi, kwa kuwa nazijua fomu. Fomu ikauliza wenye shughuli ni nani. Nikaandika majina yote manne, na kazi zao, na mlango wa kila mmoja, nikapiga na mistari kwa rula. Palipoulizwa sababu nikaandika: kumshukuru wakili kabla ya kutoa ushahidi. Karani aliyeipokea aliusifu mwandiko wangu, nami nikatoka nimejaa furaha kama mjinga.

Kibali hakikutoka. Wiki ya pili mlango wa seremala ukakutwa na kufuli, na ukichungulia dirishani misumeno yake iko ndani. Majirani wanasema ameenda kwao. Seremala gani huenda kwao akaacha misumeno? Fundi wa kuchomelea akapata kazi Mombasa ambayo hakuiomba. Bawabu sasa hataki hata kuitikia salamu yangu. Nikaenda Toi kumtafuta yule mama. Wanaume wawili walikuwa wakichambua nguo zake, wanainua shati, wanalirudisha.

"Hao wako hapa tangu Jumanne," akaniambia bila kuniangalia. "Hawanunui kitu. Niambie ukweli, karani. Ni wewe uliandika jina yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Basi mimi sikuona kitu. Hiyo siku nilikuwa Machakos. Wewe enda, na usirudi hapa kwangu."

Nililia njiani, mke wangu, mtu mzima mimi. Kisha nikaenda nikamweleza Wakili yote. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani, akaipangusa muda mrefu.

"Kuandika si kosa," akasema. "Kosa lako ni kuandika vizuri."

Akasema angeomba kesi isogezwe, lakini hakimu amekwisha kukataa mara moja. Bila shahidi hata mmoja Jumatatu, siku ya kesi, wapangaji wote wataondolewa kiwanjani.

Kuna jambo nilikuficha. Siku ile ya moto nilirudi nyumbani hapa Lindi saa saba kuchukua faili niliyoisahau, nikamwona aliyekuwa akigawa yale mafuta. Alikuwa karibu nami kama mlango wetu ulivyo karibu na meko. Si kibarua, ni mtu anayejulikana. Wakili alijua, na alinikataza kusema kwa sababu nina watoto. Jana nilimwambia aniweke mimi kuwa shahidi. Akauliza kama mke wangu anajua. Sasa unajua.

Naogopa, sitakudanganya. Kuna gari linalosimama ng'ambo ya ofisi yetu. Asubuhi ya leo mmoja wa waliomo aliteremsha kioo akanisalimu vizuri tu, akaniita baba, akatia na jina la kifungua mimba wetu. Hapa mjini sijawahi kumtajia mtu jina la mtoto huyo.

Kwa hiyo usije Nairobi mwezi ujao kama tulivyopanga. Wachukue watoto uende nao kule tulikojisitiri wakati wa mafuriko, mahali penyewe unapajua. Nenda leo, usingoje kuvuna. Akija mtu akisema nimemtuma, sijamtuma mtu. Na jina la yule mwenye mafuta sikuandikii.

Nisalimie yule aliyekuzaa, na mzee wangu mwenye mguu mbaya, na shemeji anayefundisha, na jirani anayetusaidia na ng'ombe. Wakumbatie watoto wote watatu, mmoja mmoja. Waambie wanisamehe kwa kutowataja. Siandiki tena jina la mtu ninayempenda.

Ni mimi, mumeo. Mwandiko unaujua.