Kiti Kimoja cha Nyamitaba

Mama Kahindo wangu,

Nakusalimia toka Nyamitaba, ambako ukungu unaingia hata mfukoni. Kwenye harusi hii kila bwana na mke wake wamevaa kama wakati wa babu zao, na foto pia ni za zamani: mwanaume anaketi kitini, mwanamke anasimama kando, na kucheka ni marufuku. Niliyevunja sheria ni mimi tu, nyuma ya kamera.

Wa mwisho kupigwa foto walikuwa babu ya bibi harusi na mke wake. Foto yao ya ndoa iliungua pamoja na nyumba siku walipokimbia vita. Walitaka nyingine, sawasawa na ile. Ukungu ulikuwa unashuka, nikawahimiza. Mzee akaketi. Mke wake akasimama kando, akiegemea mgongo wa kiti, akamwambia mumewe:

"Papa, ile siku nilikuwa na magoti ya mutoto."

 Mzee akainuka, akamshika mkono, akamketisha kitini. "Ikala, Mama. Ile foto ilishaungua. Hii njo yetu."

Nilibonyeza kabla ukungu haujawameza. Kwenye foto, mke ameketi anacheka, mzee amesimama kando anajikaza asicheke.

Nikakumbuka harusi yetu. Mimi, fundi wako wa foto, nilizipiga zote mwenyewe, ndiyo maana katika albamu unaonekana umeolewa peke yako! Ubaki na amani, pamoja na watoto. Nikirudi, jirani atashika kamera, nami nitasimama kando yako. Kiti ni chako.

Papa Kahindo