Chiriku Nimempa Kinyozi

Ghorofa ya pili, chumba cha nyuma
Tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale watoto wenu, bado wanamkumbuka shangazi yao? Mimi ni mzima, ila magoti, nayo tumeshazoeana.

Cherehani inaenda. Sare za shule zimekwisha, sasa ni kupunguza suruali za watu waliokonda na kuongeza za walionenepa.

Ndege wa marehemu shemeji yako nilikuwa nao wote wawili. Chiriku hajazi kiganja, lakini akianza kuimba ngazi nzima inamsikia. Kasuku ni pande la ndege, na haimbi. Yeye husema, tena kwa sauti ya shemeji yako. Mteja akibisha hodi, humwitikia, "Karibu, kaa, fundi anakuja." Juzi mama mmoja alikaa akisubiri huyo mzee atoke amwamkie. Nilicheka, kisha nikalia, sikufichi.

Sasa mwenye nyumba kasema kelele zimezidi, nibaki na mmoja. Nilishindwa kuchagua. Mmoja ana sauti ya mume wangu, mwingine ndiye anayenichangamsha asubuhi. Nikaenda kwa daktari wa mifugo kuuliza nani ataumia zaidi akihamishwa.

Akasema chiriku dume huimba hasa akiwa peke yake, ukimpa mwenzake hupunguza. Kasuku ni ndege wa kundi, akikosa wenzake hujinyonyoa manyoya. Nikamwambia wangu ameshaanza kifuani. Akauliza, "Nyumbani mko wangapi?" Nikajifanya natafuta mkoba.

Basi chiriku nimempa kinyozi wa hapa chini. Namsikia anaimba huko, wala hana habari nami. Kasuku nimemsogeza karibu na cherehani, tunaongea kutwa. Lakini manyoya bado naokota. Mtu mmoja si kundi.

Kila ukiandika unaniuliza nina shida gani, nami hujibu sina, msijisumbue. Nilikuwa najikaza kisabuni tu. Mdogo wangu, nyumba hii imenishinda. Usitume kitu. Njooni wenyewe, hata kama ni kwa siku mbili, mpige kelele mpaka mwenye nyumba apande ngazi.

Nisalimie wifi na watoto, mmoja mmoja. Mungu awafungulie njia.

Wako akupendaye na anayekungoja,
Dada yako