Sura ya Mama Ukutani

Nyeri,
Jumatano.

Dada Kanini,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini mguu wako umepata nafuu na watoto wanaendelea vizuri. Mimi ni mzima, ila nimechoka uchovu usioisha kwa kulala.

Ile picha ya mama uliyoniagiza, ya kuchongwa kwenye jiwe la kaburi, niliimaliza wiki jana. Kabla ya kuituma nikafanya jambo la kijinga. Unajua kazi yangu hapa chuoni: kila Ijumaa wanafunzi wa sanaa hubandika michoro yao ukutani bila majina, darasa zima huijadili, na mwenye mchoro haruhusiwi kujitetea. Wengine hulia. Mimi huwaambia ni kwa faida yao, nikiwa nimekaa nyuma na chai yangu. Safari hii nikaibandika ya mama katikati ya zao. Nilitaka kusifiwa, sikufichi.

Warigia, msichana mpole asiyependa kumkosoa mtu, alisema mistari ni safi lakini huyo mama hamtazami mtu yeyote. Gatimu akaongeza kwamba aliyemchora hajawahi kuketi naye, ati amenakili tu picha ya kitambulisho. Wenzao wakakubali. Nilinyamaza kama wao wanavyonyamaza kila wiki, na sikuwa nimejua ni kazi ngumu namna hiyo.

Niliudhika hadi Jumapili. Nilijiambia hao ni watoto tu, wanajua nini. Lakini watu kumi na wanane hawawezi kuona kitu kimoja na wote wakawa wamekosea.

Basi acha nikwambie. Ni kweli niliinakili kutoka kwenye kitambulisho chake. Nilikaa siku tatu na penseli nikijaribu kumkumbuka, nikashindwa. Ile miaka minne niliyokuwa nikikwambia kazi imenibana, likizo zilikuwepo. Niliogopa kumwona akiwa mgonjwa. Nilikuachia wewe umwogeshe na kumlisha, na sasa hata sijui alikuwa akicheka vipi. Naona aibu, Kanini.

Tafadhali mwambie fundi wa jiwe asianze. Nitafika Jumamosi. Waite mama wadogo waje wanieleze alivyokuwa. Na lile neno ambalo umekuwa ukilimeza tangu siku ya mazishi, uliseme pia, mbele yao. Nitasikiliza mpaka umalize.

Wasalimie watoto, na majirani wanaouliza habari zangu.

Ni mimi ndugu yako,
Munyao