Ukucha wa Sita

3 Februari

Mjukuu wangu, mume wangu wa uzeeni,

Salamu nyingi. Yale mafua uliyoyaandika yamekuacha? Mimi ni mzima kuanzia utosini hadi kifundo cha mkono wa kushoto. Kuanzia hapo kwenda mbele kuna maneno. Baridi yabisi imekivimbisha kidole cha pete, na asubuhi sikihisi kabisa. Daktari ameagiza pete ikatwe. Nilipomuuliza kama hakuna dawa ya kupaka, akaniambia, "Bibi, tukichelewa tutakata kidole." Nesi alikuwa ameshatoa kisumeno chake. Nikaurudisha mkono ndani ya shali, nikaondoka.

Pete unaijua. Bibi yake babu yako alivishwa siku ya harusi, mwaka 1903, tarehe imechongwa ndani. Ikaja kwa mama mkwe wangu, kisha kwangu. Zamaradi ile imeona vita vikuu viwili, mafuriko, na babu yako. Tangu anivishe haijatoka kidoleni. Wewe ndiye sonara wa ukoo, ingawa bado ni wa kujifunza. Niambie kuna namna nyingine.

Mkeo,
Bibi


7 Februari

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, wasiwasi nilionao sasa ni wa kidole chako. Namna nyingine hakuna. Nilitaka nikuandikie habari za kuivua kwa uzi na sabuni, lakini kwa uvimbe huo utajichubua bure. Kubali. Mwambie nesi akate upande wa kiganja, mbali na jiwe, mahali pamoja tu, kisha aipanue taratibu. Shangazi akija huku mpe aniletee.

Dhahabu ikikatwa huungwa. Nitaiunga mwenyewe, na utakapoivaa hutaona chochote.

Mumeo na mjukuu wako


11 Februari

Mume wangu,

Natumaini hujambo, na kazini wanakulisha. Sijapata kusikia mume anayetuma watu wakamkate mkewe pete. Kwingine hiyo huitwa talaka.

Eti sitaona chochote. Si wewe uliyeyeyusha kijiko changu jikoni ukasema unanitengenezea hereni? Kwa nini asiiunge yule fundi mkuu wako? Ameanza kazi hizo kabla mama yako hajakufikiria. Nauliza tu.

Imekatwa jana. Sikulia, aliyelia ni nesi. Kidole kimeanza kurudi. Shangazi yako anakuja nayo ndani ya kiberiti, kiberiti kimeshonewa ndani ya nguo yake, mahali ambapo mwizi atajuta.

Jirani ameniuliza ni sonara gani ataiunga. Nimemjibu, sonara mmoja wa mjini. Kwamba ni wewe sijasema. Nitasema nikiiona.

Mkeo,
Bibi


20 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, nashukuru. Shangazi anasema uliipokea pete kama yai, ukanyamaza, na bado umenyamaza. Nikipiga simu unasema uko kwenye moto. Moto gani usiozimika? Kama imeharibika, sema imeharibika, nijue moja. Mkono umekuwa mwepesi mpaka nauficha nikipokea wageni.

Leo si mkeo. Ni
Bibi yako


27 Machi

Bibi,

Shikamoo, na nisamehe kwa kukuweka roho juu. Pete haikupotea. Inakuja pamoja na barua hii, lakini soma kwanza.

Zamaradi haivumilii moto. Kabla ya kuunga, lazima jiwe litolewe. Linashikwa na vijino sita vya dhahabu, sisi twaviita kucha, na kucha hizo zimelika miaka yote hiyo hadi zikawa kama uzi. Fundi mkuu aliziangalia kwa kioo, akaniambia, "Mimi nisingezigusa. Ukizigusa, kazi ni yako hadi mwisho." Nikazigusa. Tano zilifunguka. Wa sita ulivunjika kwenye shina, mkononi mwangu.

Nilitengeneza mwingine. Wa kwanza ulikuwa mnene kama msumari, niliutupa. Wa pili uliyeyuka. Uliopo sasa umekaa, na jiwe halichezi hata ukiigonga pete mezani. Usiigonge. Mkato wa chini nimeuunga na kuongeza dhahabu kidogo ili kidole kipumue. Fundi mkuu aliigeuza pete, akaniuliza, "Walikata wapi?" Nilitaka aendelee kutafuta.

Ila ukucha mpya ni wa manjano kuliko wenzake. Dhahabu ya zamani ina wekundu, ya kwangu haina. Mtu akisogea karibu ataona, nami nilikuahidi hutaona chochote. Ndiyo maana nilinyamaza: nilitaka kuchanganya shaba nipate rangi ileile, kisha niurudie. Shangazi, anayekuletea, amekataa kungoja. Itazame. Ukiona haifai, nirudishie niumalize.

Mjukuu wako


4 Aprili

Mume wangu,

U mzima? Mimi nimepona hadi vidoleni. Nakuandikia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umewekwa mezani utazamwe.

Inaingia na kutoka kama nilipimiwa leo. Mkato nimeutafuta kwa miwani yangu, kisha kwa miwani ya baba yako. Nimempelekea nesi, aliyeikata kwa mkono wake mwenyewe. Ameigeuza dirishani, akasema, "Bibi, hii umenunua nyingine." Nikamsomesha tarehe iliyo ndani.

Ukucha nimeuona. Ni kweli, una manjano. Jirani naye ameuona, maana yule macho yake hayatui ila kwenye kasoro. Akasema, "Huyo sonara wako wa mjini kakuachia alama." Nikamwambia, "Sonara ni mjukuu wangu. Kaa, nikueleze inavyofanywa." Nikaanza na moto, na zamaradi isivyouvumilia. Chai yake ilipoa, nami sijafika hata kwenye ukucha. Kesho anarudi na bangili ya mama yake. Nimemwambia kuna foleni.

Sasa sikiliza. Shaba yako usichanganye. Kucha tano zilitengenezwa na mtu ambaye hakuna anayemjua hata jina. Wa sita aliutengeneza mtu ninayemjua tangu hajui kufunga vifungo vya shati. Nataka uonekane.

Pete siirudishi.

Mkeo,
Bibi